Viazi vya Maji Mawili

Naanza usiku. Namenya viazi vitatu,
navikata vidogo kama kete za drafti,
navitosa kwenye sufuria ya maji vilale humo.
Alfajiri namwaga yale maji, natia mengine,
nachemsha, namwaga tena.
Jirani yangu Bosibori huchungulia mlangoni:
"Kemunto, unapika viazi au unavifua?"
Navifua, mama. Natoa potasiamu.

Neno hilo nilifundishwa na Sista Naserian,
pale Kenyatta, kwenye kiti changu cha Jumatatu na Alhamisi,
mashine ikiichukua damu mrija huu
na kuirudisha mrija ule.
Alichora moyo nyuma ya karatasi ya malipo.
"Potasiamu," akasema, "ndiyo inayoushika moyo mkono
kati ya pigo na pigo.
Ikipungua, misuli hulegea, moyo hukosa hatua.
Ikizidi, hatua hukosekana vilevile.
Figo ndiyo bawabu: ya kutosha huiacha ndani,
iliyozidi huisindikiza nje.
Bawabu wako, mama, amelala."

Nikacheka. Nilicheka hadi mrija ukatikisika,
mashine ikaanza kulia, Sista akaja mbio.
Maana mimi ni Kemunto wa ndizi!
Miaka kumi na tisa Marikiti,
lori la Kisii likiingia saa tisa usiku
mimi wa kwanza kuipapasa mikungu gizani.
Nimesomesha watoto watatu kwa potasiamu
bila kulijua jina lake.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Changu nakipanga mezani,
nakipangusa vumbi,
nauza kumi kumi.

Wakimbiaji wa Nyayo hunijia jasho likiwatiririka,
nawachagulia ngumu kidogo.
Mama aliyebeba mtoto wa kuhara
nampa iliyoiva sana, ya madoadoa,
namwambia aiponde kwa kijiko.
Kwao ni nguvu. Mkungu ni huohuo.
Jioni nanusa vidole vyangu.
Harufu haijawahi kuonekana kwenye vipimo.

Kiti cha pili kilikuwa cha Shikuku,
fundi wa saa wa River Road.
Huinamisha sikio kwenye mashine yake
kana kwamba mteja ameileta:
"Hii inachelewa, Sista."
Alikuwa mtiifu kuliko sisi sote.
Ndizi hakugusa, parachichi hakugusa,
managu aliyatazama tu kwenye sahani za wanawe.
Basi mkwewe, kwa mapenzi, akamletea chumvi
kutoka supamaketi, chumvi ya watu wa presha,
kopo limechorwa moyo mwekundu.
Sodiamu wameipunguza. Nafasi yake wameijaza
kwa ileile tuliyokatazwa.
Imeandikwa ubavuni, herufi ndogo kama sisimizi,
na kioo chake cha jicho moja
alikuwa amekiacha kazini.
Ijumaa akanyunyiza. Jumamosi. Jumapili.

Jumatatu kiti kilikuwa na shuka mpya.

Hakuna aliyeuliza. Mashine ziliguruma.
Sista alinifunga mkono taratibu kuliko siku zote,
akasema bila kuniangalia:
"Miguu ikiwa mizito, moyo ukiruka,
usingoje Alhamisi. Unanisikia?
Hata kama ni usiku wa manane."
Nilimsikia.
Nilikuwa nikiisikiliza saa yangu ya mkononi,
ile Shikuku aliyoifungua akiwa kitini,
kwa pini ya nywele zangu, mkono mmoja tu ukiwa huru.
Huenda mbele kwa dakika nne.
Sijaipeleka kwa fundi mwingine.

Sasa nasoma makopo yote. Hata ya majani ya chai.
Kijana wangu hunimulikia kwa simu,
herufi kwa herufi, kama tunatafuta mwizi.

Na usiku namenya vitatu.
Yale maji ya kwanza, nikuambie, simwagi ovyo.
Hapa Kaloleni, kando ya mlango,
nina mgomba kwenye ndoo iliyotoboka.
Naumwagia kila alfajiri vile viazi vilivyoacha.
Umekuwa na majani mapana,
umempita mwanangu kimo.
Bosibori anasema utazaa.
Nimemwahidi mkungu mzima.